Malezi na Mwalimu: "Niliishia darasa la nne, mwanangu atakuwa na akili?"

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: je, nyumba aliyozaliwa mtoto ndiyo inayoamua akili yake? Nimefundisha darasa la kwanza hapa Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na swali hili wazazi wamekuwa wakiniuliza mlangoni mwa darasa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni la aibu. Halina aibu yoyote. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu najua anayeuliza hayuko peke yake.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Njombe. Nalima viazi, na msimu wa chai nafanya kibarua. Shule niliishia darasa la nne. Binti yangu wa mwisho anakaribia miaka mitano. Nilipompeleka kumwandikisha awali, mwalimu mmoja alisema mbele ya watu kwamba watoto wa wazazi wasiosoma huwa wazito, ni jambo la kurithi. Jirani yangu ni mhasibu, mtoto wake wa umri huohuo anahesabu hadi hamsini kwa Kiingereza. Je, akili inarithiwa? Na mimi nitamsaidiaje? (Mama, Njombe)

Marahaba mwanangu. Yule mwalimu amesema uongo, na ameusema mahali pabaya. Yako mambo ya akili ambayo mtoto huchukua kwa wazazi wake, kama anavyochukua urefu na sura. Lakini darasa la nne si kipimo cha akili yako. Wasichana wengi wa rika lako walitolewa shule kwa sababu ya michango, au kwa sababu palikuwa na mdogo wa kubeba mgongoni na maji ya kufuata bondeni. Hayo hayaingii kwenye damu ya mtoto.

Kinachomfikia mtoto kutoka nyumbani ni vitu vya kila siku, na cha kwanza ni chakula. Ubongo wa mtoto anapozaliwa una takriban robo ya uzito utakaokuwa nao ukubwani. Akifika miaka miwili umeshafika kama robo tatu. Kazi hiyo kubwa yote inafanyika wakati mama anahangaika na kunyonyesha, homa na uji. Hata sasa, binti yako akiwa ametulia tu, ubongo wake peke yake unakula zaidi ya nusu ya nguvu inayotumika mwilini.

Nakueleza haya kwa sababu unaishi Njombe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 3 kati ya 10 wenye umri chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Kwenu Njombe na kwa jirani zenu wa Iringa ilikuwa nusu au zaidi. Mikoa inayolisha nchi! Mahindi yapo, viazi vipo, maharage, maparachichi, maziwa. Ila mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anaachiwa uji mweupe wa mahindi anaokunywa mara mbili kwa siku, na mayai yanapelekwa sokoni ili yanunue sabuni na daftari. Sikulaumu wewe. Nakuomba tu katika mayai hayo binti abakiziwe moja, uji uwekwe karanga zilizotwangwa, ugali uwe wa dona, na kwenye maharage iingie mboga ya majani na dagaa wakipatikana. Chumvi unayonunua iwe na maandishi ya madini joto kwenye pakiti. Na ukibeba mimba nyingine, nenda kliniki mapema, kwa sababu madini hayo yanahitajika na ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni.

Chakula peke yake hakitoshi, na hapa ndipo ningependa yule mwalimu angekuwepo asikie. Katika miaka ya 1980, huko Kingston, Jamaika, daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa kutoka mitaa ya watu maskini, wote wakiwa na umri wa miezi 9 hadi 24. Wengine walipewa maziwa ya lishe kila wiki. Wengine walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, kwa saa moja, muda wa miaka miwili. Waliowatembelea walikuwa wahudumu wa afya wa mtaani, wala hawakuwa walimu. Walikaa chini na mama na mtoto, wakamwonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto na kuzungumza naye, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo, vifuniko na chupa tupu. Kundi jingine halikupata kimoja wala kingine. Miaka 20 baadaye wakatafutwa. Waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kikubwa kuliko wenzao ambao hawakutembelewa, kwa asilimia 25. Waliopewa maziwa bila mazungumzo na michezo, faida yao haikudumu hivyo. Wazazi wa makundi yote walikuwa watu wa hali ileile na mitaa ileile.

Sasa kuhusu kutosoma. Kenya vijijini watafiti waliwapa walezi vitabu vya hadithi vya watoto, vya lugha na mazingira ya kwao, na baadhi yao wakafundishwa namna ya kuvitumia: usikimbilie kusoma maneno, onyesha picha, uliza "huyu anafanya nini?", subiri ajibu, ongeza neno kwenye jibu lake. Walezi walikuwa 357 na watoto 510, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Watoto wa waliofundishwa walitajirika kwa maneno yaliyomo katika hadithi zile. Na watoto wa walezi wasiojua kusoma kabisa walifaidika angalau sawa na watoto wa wanaojua, na kwa baadhi ya vipimo wakafaidika zaidi. Wewe wa darasa la nne una zaidi ya walichokuwa nacho wengi katika walezi wale.

Kwa hiyo usisubiri kitabu. Unapochambua viazi, mpe binti kazi: vikubwa huku, vidogo kule, vilivyokatwa na jembe pale. Muulize kwa nini hiki kimeoza. Mwambie akuletee viazi saba, halafu umwongeze viwili, ahesabu tena. Usiku mtegee vitendawili. Na kama lugha inayokujaa mdomoni ni Kibena, sema naye Kibena bila woga. Mtoto anayezungumzishwa sana kwa lugha moja huingia kwenye ya pili akiwa na mengi ya kusema. Muulize maswali ambayo wewe mwenyewe hujui jibu lake: ameota nini, ameona nini njiani, angekuwa yeye ni yule mbuzi angepita wapi.

Mtoto wa jirani yako, siku moja mwombe kwa upole akuletee maharage saba. Akileta saba, anajua kuhesabu. Akileta konzi nzima, anajua wimbo wa namba, na nimepokea watoto wa aina hiyo kila mwaka. Wimbo si kitu kibaya, lakini usikunyime usingizi.

Sitakudanganya kwamba umaskini hauna uzito. Unao. Mwanamke aliyechuma chai kutwa nzima, akapika, akafua, hana sauti ya kusimulia hadithi saa mbili usiku. Ndiyo maana namuuliza baba wa watoto hawa, ambaye barua yako haikumtaja: jioni yuko wapi? Naye ana mdomo na magoti ya mtoto kukalia. Na shule yenu ina kamati. Simama kwenye mkutano wa wazazi uulize habari ya uji wa shule, maana watoto wa awali wanaokaa hadi mchana na njaa hawafundishiki, na hilo nalisema kwa miaka yangu yote ya darasani.

Mwalimu, habari za kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na nusu. Mimi na mama yake tunatoka alfajiri kwenda Kariakoo, tunarudi usiku, anabaki na dada wa kazi. Kutwa anaangalia katuni za Kiingereza kwenye simu. Anaimba rangi zote kwa Kiingereza lakini hawezi kusema "naomba maji". Mama mkwe anasema watoto wa kiume huchelewa, tusubiri. Tusubiri? (Baba, Mbagala)

Msisubiri. Kabla ya yote apimwe masikio. Hospitali za rufaa zina kitengo cha masikio, pua na koo. Mweleze daktari pia kama hageuki akiitwa jina, kama hanyooshi kidole kuonyesha kitu anachokitaka, au kama hamtazami mtu usoni. Wapo watoto wanaochelewa wakaja kusema vizuri, lakini kuwatofautisha na wenye tatizo ni kazi ya mtaalamu.

Halafu simu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua hapo ni bora. Mwanao anapewa kutwa.

Pengine umesikia hoja kwamba watoto wa familia za kipato cha chini husikia maneno machache. Ilianzia kwa Betty Hart na Todd Risley, watafiti wa Marekani, ambao mwaka 1995 walihesabu maneno katika familia 42 za Kansas, na kutokana na hesabu hiyo ikatoka tofauti ya maneno milioni 30 kabla mtoto hajaanza shule. Namba hiyo imezunguka dunia nzima, na mimi siipendi. Familia 42 ni chache mno kuzitwisha mzigo wa maskini wote. Tena mwanao mwenyewe anamwagiwa maelfu ya maneno na simu kila siku, na maji hajayaomba bado. Utafiti ninaouamini zaidi ni wa mwaka 2018, pia wa Marekani. Watoto 36 wa miaka 4 hadi 6 walirekodiwa sauti nyumbani kwao, kisha ubongo wao ukapigwa picha wakisikiliza hadithi. Sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha ilichangamka zaidi kwa wale waliokuwa na zamu nyingi za mazungumzo na wakubwa wao: mtoto anasema, mkubwa anajibu, mtoto anarudisha. Wingi wa maneno aliyoyasikia tu haukuleta matokeo hayo, na kipato cha wazazi hakikubadilisha jibu. Simu haina zamu. Mtoto akinyamaza yenyewe inaendelea.

Sasa huyo dada wa kazi. Ndiye anayemlea mwanao saa zote za mchana, na nina hakika mmempa kufua, kupika, kudeki na kuchota maji. Simu ndiyo inayomsaidia kumaliza kazi mliyompa. Mpunguzieni kazi, mwambieni wazi kwamba kuzungumza na mtoto ndiyo kazi yake ya kwanza, na mshahara ulingane na maneno hayo. Akifua, mtoto akae pembeni na beseni lake dogo, ampe soksi, amtajie soksi. Katoka kwao na nyimbo na hadithi, azitumie. Nanyi mnaporudi usiku, simu zenu ziwekeni kabatini hadi mtoto alale.

Asalaam alaykum Mwalimu. Ninaishi Pemba na nalea wajukuu wawili baada ya wazazi wao kuachana. Yule wa miaka minne amekuwa mzito. Hachezi, anasinzia chuoni, hashiki anachofundishwa, na nimemkuta akila udongo. Jirani ameniambia ninunue dawa ya kuongeza damu dukani nimpe akili zimrudi. Nimpe? (Bibi, Wete)

Waalaykumu salaam, dada yangu. Usimpe kabla hajapimwa. Dalili unazozitaja zinafanana na za mtoto mwenye upungufu wa damu: kula udongo, kusinzia, uvivu wa kucheza. Wakubwa wetu waliijua safura na jinsi minyoo inavyomnyonya mtu damu. Damu ikipungua madini ya chuma, ubongo nao unapungukiwa, na mtoto anaonekana mjinga kumbe ni mgonjwa.

Hapohapo kisiwani kwenu jambo hili limechunguzwa vizuri kuliko sehemu nyingi za dunia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa watoto wadogo wa Pemba waliopewa chuma kila siku kwa mwaka mzima waliendelea vizuri zaidi katika kusema, na wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu waliendelea zaidi katika kutembea na kutumia viungo. Ila ukafuata utafiti mwingine, mkubwa, wa maelfu ya watoto chini ya miaka 3, waliopewa chuma bila kuchaguliwa nani anakihitaji, wakati malaria imejaa kisiwani. Waliopewa walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na mwaka 2003 sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Waliokuwa na upungufu wa kweli, wakiangaliwa na kutibiwa malaria, walionekana kufaidika. Malaria Zanzibar imepungua sana tangu wakati ule, lakini funzo limebaki: dawa ileile humfaa mmoja na kumdhuru mwingine.

Mpeleke kituo cha afya apimwe wingi wa damu, malaria na choo kwa ajili ya minyoo. Akiandikiwa dawa, mpe kwa kipimo na siku walizokwambia, na chupa iweke mbali naye, kwa sababu mtoto akinywa nyingi kwa mkupuo inaua. Chakula unacho baharini: dagaa, samaki, chaza na kombe, pamoja na mchicha na kisamvu, na chungwa au embe baada ya chakula. Chai usimpe wakati wa kula, inazuia chuma kuingia mwilini.

Jambo moja zaidi. Umesema ameanza kuwa mzito, na umesema wazazi wameachana, hukusema kipi kilitangulia. Mtoto wa miaka minne anayemtafuta mama yake naye hunyamaza na kuacha kucheza. Hata damu ikitengemaa, mruhusu aulize mama yuko wapi, na umjibu ukweli mfupi. Kama mama anaweza kupiga simu, apige siku ileile kila wiki, saa ileile.

Shikamoo bibi. Niko kidato cha pili Morogoro. Baba na mama wanagombana usiku, mara nyingine baba anampiga mama. Darasani nasoma ukurasa mmoja mara tatu na siuelewi. Nilikuwa wa kwanza darasa la saba. Je, akili yangu imeharibika?

Marahaba mjukuu wangu. Haijaharibika. Mwili wako unakesha ukilinda. Mtu akiishi kwa hofu, mwili humwaga homoni za hatari, moyo unaenda mbio, masikio yanasikiliza mlango, na ile sehemu ya ubongo inayoshika mambo na kuyapanga inakosa nafasi. Ukiongeza na usiku usiolala, ukurasa hauwezi kuingia. Mtihani wa darasa la saba uliufanya kwa akili hiihii.

Kupatanisha wazazi si kazi yako, na ugomvi wao hukuuleta wewe. Usijitie katikati wakipigana. Toka na wadogo zako mwende kwa jirani mnayemwamini. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure na wanasikiliza. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Mwambie mtu mzima mmoja shuleni, mwalimu wa ushauri au matroni, na umwombe mahali pa kusomea jioni. Kama yupo shangazi au mjomba anayeweza kukupokea wakati wa mitihani, omba, usione haya.

Na wewe baba mtu unayesoma ukurasa huu: wanasikia. Hata wakijifunika shuka gubigubi, wanasikia.

Mwalimu, mwanangu wa darasa la tano anatengeneza magari ya waya yenye usukani unaogeuka na springi. Watu wananunua. Lakini darasani ni wa mwisho. Nimechoka kumpiga, nimehitimisha kuwa akili za shule hana. (Baba, Tunduma)

Kumpiga acha leo, nakuomba. Hakuna mtoto aliyejifunza kusoma kwa fimbo nikamwona.

Kwa kuwa uko mpakani, nikupe jambo la ng'ambo ya pili. Mwanasaikolojia Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi Zambia, mwaka 1979 alichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza. Walitakiwa kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, Wazambia walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga walikuwa sawa. Kila upande ulionyesha akili yake kwenye kitu ulichokulia nacho. Kadhalika Usenge, karibu na Ziwa Viktoria upande wa Kenya, watafiti walikuta vijana waliojua sana miti ya dawa wakipata alama za chini katika mtihani wa msamiati, kwa sababu muda na moyo wa familia ulikuwa umeelekezwa kwenye elimu ile nyingine.

Mtoto anayetengeneza usukani unaogeuka anapima, anakadiria pembe, anakumbuka hatua, anakosea na kurekebisha. Hizo ni hesabu. Kaa naye muandike: waya urefu gani, umenunuliwa bei gani, gari limeuzwa bei gani, faida ngapi. Mwambie aandike maelezo ya kumfundisha mwenzake kutengeneza, hatua kwa hatua, kisha amsomee mama yake. Kama hawezi kusoma hata sentensi zake mwenyewe, tatizo ni kusoma, na linatibika akifundishwa upya silabi bila kuchekwa. Mwombe mwalimu wa darasa la pili amsaidie baada ya masomo.

Kabla ya hayo yote, mpeleke apimwe macho. Waya anaushika karibu na uso, ubao uko mbali. Nimeona watoto wa mwisho darasani wakisogea katikati ya orodha baada ya kupata miwani, au baada ya kuhamishiwa dawati la mbele tu. Muulize anakaa dawati la ngapi, na majibu ya macho yakitoka uniandikie.